Bobini ikiisha, inuka: shajara ya mapumziko mafupi katika karakana ya sare

Mwisho wa Oktoba, kabla ya kuanza

Mradi ni huu: kuingiza mapumziko mafupi, ya dakika mbili hadi tano, ndani ya siku ya kazi ya karakana yetu ya ushonaji hapa Morogoro, na kuyaendesha msimu wote wa sare hadi shule zifunguliwe Januari. Hakuna mfadhili wala mtaalamu aliyeletwa. Mwenye karakana, ambaye sote tunamwita Mama, amekubali kwa sharti moja: oda zisichelewe. Mimi nasimamia kazi na ndiye ninayeandika. Msimamizi wa karakana nyingine akitaka kujaribu, apate pa kuanzia.

Tumechagua msimu wa sare kwa sababu ndio unaotutoa roho. Kuanzia Novemba wazazi wanataka mashati meupe na kaptula na sketi za bluu ya giza, na shule binafsi zinaleta oda za jumla, kila moja na rangi yake na nembo yake. Uzi wa bluu ya giza juu ya kitambaa cha bluu ya giza, jua likishazama, ni mateso ya macho. Mkataji anainamia jora baada ya jora. Dada wa overloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, anapokea kazi kutoka kwa kila fundi, kwa hiyo anagombezwa na kila fundi. Wa pasi anapigwa na mvuke katika joto hili la kungojea vuli.

Mafundi wa cherehani wanalipwa kwa nguo. Wa pasi, wa vifungo na mkataji wanalipwa kwa siku. Nahisi tofauti hiyo ndiyo itakayoamua karibu kila kitu huko mbele.

Mapumziko ya sasa yako kwenye karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 23, inataka anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano apate mapumziko ya angalau dakika 60. Sisi tunatoa saa nzima mchana. Lakini fundi anayelipwa kwa nguo anakula wali maharage sahani ikiwa mapajani, na kabla hata ya kunywa maji mguu umerudi kwenye kanyagio. Hakuna anayemlazimisha. Anajilazimisha mwenyewe kwa hesabu ya kaptula zilizobaki.

Vipimo vyetu ni viwili. Cha kwanza ni daftari la nguo zinazorudishwa kufumuliwa, ambalo lilikuwepo tangu zamani, nimeongeza tu safu ya saa. Cha pili ni ubao ukutani: wakati wa kufunga kila mtu anachora mstari wa chaki, mfupi kama mwili uko shwari, mrefu kama amechoka hadi akili. Najua mstari wa chaki haupimi kitu. Ila watu ambao hawatakwambia kamwe "nina msongo wa mawazo" wanachora mstari mrefu kuliko mkono wao bila kuombwa mara ya pili.

Novemba, wiki ya kwanza: kengele

Tulianza na njia ambayo kila mtu mtandaoni anaisifia, yaani saa. Simu yangu inalia kila baada ya saa moja, watu wote wanasimama dakika tano. Mwitaliano Francesco Cirillo alipobuni utaratibu wake wa dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, miaka ya mwisho ya 1980, alikuwa mwanafunzi anayepambana na masomo yake. Kitabu unaweza kukifunga katikati ya ukurasa. Kola huwezi kuiacha katikati ya mzunguko: ukirudi mkono umepoteza mahali, na ncha moja inatoka ndefu kuliko nyenzake.

Kengele ikalia, wa pasi akasimama, wa vifungo akasimama, mkataji akanyoosha mgongo hadi ukalia. Mafundi wa cherehani hawakuinua hata kichwa. Siku ya pili mmoja wao, mzee kuliko wote hapa, aliniita kwa upole: "Mwanangu, hizo dakika tano zako nani ananilipa?" Nikamwambia, shikamoo baba, swali lako nimeliandika. Na kweli nimeliandika.

Mstari wa chaki wa wanaolipwa kwa siku ulifupika kidogo. Wa wanaolipwa kwa nguo ulirefuka, kwa sababu sasa wana kengele ya kuwakumbusha kila saa kwamba hawajamaliza.

Novemba, katikati: bobini

Kengele imeondolewa. Badala ya kusimamisha kazi, tumetafuta mahali ambapo kazi inasimama yenyewe.

Kwenye cherehani mahali hapo ni bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini. Uzi wa chini ukiisha hakuna ujanja, lazima utoe, uweke nyingine. Fundi mwepesi akiwa kwenye sketi za marinda anaimaliza mara nyingi kabla ya saa kutimia. Mazoea ni kujaza bobini kadhaa asubuhi na kuzipanga pembeni ya mashine, mkono ukazifikie bila kuinuka. Utaratibu mpya: bobini zote zilizojazwa zinakaa kwenye meza ndogo mlangoni, pamoja na ndoo ya maji ya kunywa. Mashineni inabaki moja tu. Ikiisha, unainuka, unatembea hatua chache, unakunywa, unatazama nje, unachukua nyingine, unarudi.

Mkataji na wa pasi wana vituo vyao: jora likiisha, rundo la mashati likihama meza. Dada wa overloki hana kituo cha asili, maana koni zake za uzi zinadumu mno, kwa hiyo yeye ana haki ya kusimama wakati wowote akiona rundo lake limeisha, na rundo jipya lisubiri. Hilo la "lisubiri" lilihitaji Mama mwenyewe aliseme kwa sauti.

Mlango wetu unatazama milima ya Uluguru, na hiyo ni bahati. Tuna kanuni ya macho ambayo madaktari wa macho huwashauri wanaokaa mbele ya kompyuta: kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20. Sisi hatuhesabu dakika, ila mlima uko mbali kuliko mita 6. Macho yakikodolea kitu cha karibu kwa muda mrefu, misuli midogo inayorekebisha lenzi ya jicho inabaki imekaza, na mtu anasahau kupepesa, ndiyo sababu jioni watu wanasema macho yana mchanga. Kutazama mbali kunailegeza misuli hiyo. Mzee wetu wa cherehani hakutaka maelezo. Alisema siku hizi anaona kama mvua inakuja kabla ya wengine, na nguo zake za kamba anaanua mapema.

Hakuna aliyeuliza nani anazilipa hizi dakika. Nadhani ni kwa sababu bobini imeisha kweli, hakuna anayeona ameibiwa muda.

Novemba, mwisho: mabega na pumzi

Watu sasa wanafika mlangoni, lakini wanafika na mabega yakiwa masikioni. Nimeongeza zoezi moja.

Asili yake ni kwa Edmund Jacobson, daktari wa Chicago, aliyetoa kitabu chake juu ya kulegeza misuli mwaka 1929. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtu mwenye wasiwasi ana misuli iliyokaza bila yeye kujua, na njia ya kumfundisha kuilegeza ni kumfanya kwanza aikaze kwa makusudi, aijue, kisha aiachie. Mazoezi yake kamili yalichukua vipindi virefu na mtu amelala. Sisi tumechukua kipande kinachofaa mtu aliyesimama mlangoni. Kunja ngumi, kaza kwa sekunde tano hivi, achia. Pandisha mabega, kaza, yaangushe. Uma meno kidogo, achia taya. Taya ndilo lililowashangaza wengi: fundi anayebana pini mdomoni siku nzima hajui kwamba anaendelea kubana hata pini ikishatoka.

Pumzi ni rahisi zaidi: vuta polepole puani, toa polepole zaidi kuliko ulivyovuta. Unapotoa hewa, moyo hupunguza kasi kidogo, na unapovuta huongeza; kutoa kwa muda mrefu ni kuupa moyo nafasi kubwa ya kutulia. Walter Cannon wa Harvard ndiye aliyeeleza, mnamo 1915, jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia: adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, misuli inajaa damu. Kwetu hakuna wa kupigana naye. Kuna mwalimu mkuu kwenye simu anayeuliza sweta zake, na baada ya simu mwili unabaki na maandalizi yote hayo, mtu ameketi kwenye stuli.

Mambo matatu yalijitokeza ambayo yatakukuta na wewe.

Dada mmoja aliniuliza pembeni kama haya ni mambo ya dini nyingine. Swali la haki. Nilimwambia hakuna maneno ya kutamka, hakuna kitu cha kufikiria, ni mabega tu, na asiyetaka asifanye. Tangu hapo sitaji jina lolote la mbinu, nasema "kuangusha mabega".

Wengine walivuta pumzi kwa nguvu kama wanapuliza mkaa, kichwa kikazunguka. Pumzi iwe ndogo na ya taratibu. Mwenye presha au mgongo mbovu asikaze kwa nguvu, anyooshe tu.

Na kuna mama mmoja ambaye akifumba macho anawaza ada. Akiyafumbua anaona mwanga tu. Tukakubaliana macho yawe wazi kwa kila mtu. Mashauri mengi ya kupumzika yanaanza na "fumba macho", na sioni kwa nini.

Desemba, wiki ya kwanza: kikapu cha simu

Mstari wa chaki haukushuka kama nilivyotarajia, na sababu iko mikononi mwa watu. Fundi anafika mlangoni, anachukua maji, anatoa simu. Anasoma ujumbe wa mteja, wa shemeji, wa kundi la kikoba, anarudi mashineni kichwa kimejaa kuliko alivyoondoka. Mguu umepumzika, kichwa kimeongezewa kazi.

Nikaleta kikapu, simu zikae humo. Kelele. Nao wana haki: nusu ya mafundi ni mama wenye watoto nyumbani, na shule zimefungwa. Mtoto akianguka nani atajua? Maridhiano tuliyofikia ni kwamba simu zinakaa kikapuni mlangoni zikiwa na sauti ya mlio. Ikilia, ipokee. Isipolia, iache.

Lakini simu nyingi zilizokuwa zinalia hazikutoka nyumbani. Zilikuwa za wateja wenye namba za mafundi binafsi: "Fundi, zimefika wapi?" Hapo ndipo kazi halisi ya mwezi ilipokuwa. Mama ameweka ubao mwingine, huu wa oda: jina la shule, idadi, imefika kukata, kushona, overloki, vifungo, pasi, tarehe ya kuchukua. Simu ya karakana inapokelewa na mtu mmoja, anasoma ubaoni, anajibu. Wateja wameambiwa wapige huko. Wengine bado wanapiga kwa fundi, na fundi sasa ana jibu fupi: "Uliza ofisini, kaka, ubao uko pale."

Ingebidi nichague kati ya zoezi la mabega na ubao wa oda, ningebaki na ubao. Nasema hivi mapema ili mtu asije akaona mradi huu ni wa kuvuta pumzi. Pumzi inamtuliza mtu aliyeshtuka. Ubao umepunguza vishtuo vyenyewe.

Tulijaribu pia mazoezi ya pamoja saa kumi jioni, redio ikipiga. Huko Japani wanafanya hivyo tangu 1928, redio inaongoza na watu wananyoosha viungo, hadi leo kwenye viwanda na sehemu za ujenzi. Vijana walifurahi. Wazee walikuwa na safari ya chooni kila ilipofika saa kumi. Tumeacha.

Desemba, katikati: umeme

Umeme ulikatika mchana, ukarudi jioni, ikawa hivyo siku zilizofuatana. Mtu wa nje angesema, haya, mmepata mapumziko mliyokuwa mnayatafuta. Siku hizo mistari ya chaki ilikuwa mirefu kuliko ya siku yoyote tangu tuanze.

Watu walikaa. Wengine walilala juu ya marundo ya kitambaa. Hakuna aliyepumzika. Kila dakika ya giza ilikuwa kaptula ambayo haikushonwa, na hakuna aliyejua itaisha lini. Bobini unajua inachukua dakika mbili, na ni wewe unayerudi. Umeme huo hauko mikononi mwako.

Tulichofanya siku ya pili ni kugawa kazi za mkono zilizokuwa zimerundikana: pindo za sketi, vifungo, kukata nyuzi. Cherehani mbili za kukanyaga zilizokuwa stoo zikatolewa, zikapakwa mafuta. Waliopata kazi walitulia kuliko waliopata nafasi ya kukaa. Kwa mtu anayelipwa kwa nguo, kukaa bure katikati ya Desemba ni msongo wa aina yake, na hakuna zoezi la kuuondoa isipokuwa nguo.

Desemba, kabla ya Krismasi: jibu la swali la mzee

Swali la nani anazilipa dakika tano lilijibiwa, na si na mimi. Fundi mmoja wa kaptula, kijana asiye na maneno mengi, aliomba daftari la kufumua. Kufumua hakulipwi. Zipu ukiiweka vibaya unaitoa kwa muda wako mwenyewe, unarudia kwa muda wako mwenyewe. Aliangalia safu ya saa, akaona nguo zake zilizorudi kabla ya Novemba zilikuwa nyingi za jioni, na tangu bobini zihamie mlangoni za jioni zimepungua. Akawaambia wenzake wakati wa chai ya tangawizi, kwa lugha yao: dakika za mlangoni unazilipa mwenyewe, lakini kufumua nako unakulipa mwenyewe, chagua.

Sitaki kuyabebesha maneno yake mzigo mkubwa. Mwezi huo huo tulibadili taa juu ya mashine za bluu ya giza, na taa peke yake ingeweza kupunguza kufumua. Nilimwambia Mama hivyo hivyo alipouliza kama uzalishaji umepanda. Watafiti waliokusanya pamoja tafiti za mapumziko yasiyozidi dakika 10, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2022, waliona nguvu inapanda na uchovu unashuka, lakini kwa ujumla hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba watu wanafanya kazi bora zaidi. Kwenye kazi nzito za akili mapumziko mafupi yalionekana hayatoshi. Kwa hiyo atakayeuza mpango huu kwa bosi wake kwa ahadi ya nguo nyingi zaidi anajichimbia shimo. Mwambie ugomvi na maumivu ya shingo vitapungua, na oda hazitachelewa.

Hazijachelewa mpaka leo.

Januari, wiki ya kwanza

Sina muda wa kuandika. Wazazi wako barazani. Bobini ziko mlangoni, kikapu kiko mlangoni, mengine yote yamesimama.

Januari, shule zimefunguliwa

Karakana imetulia, nimekaa na Mama na wazee wawili kupitia daftari.

Wiki ya mwisho kila kitu kilichotegemea mimi kukumbusha kilikufa. Zoezi la mabega lilibaki kwa watu watatu wanne waliolipenda wenyewe. Yule mama wa ada ni mmoja wao, na anamfundisha mkwewe. Kilichodumu kwa kila mtu ni kile kilichofungwa kwenye kazi yenyewe. Hata siku ile ambayo foleni ya wazazi ilifika kwa muuza vocha, bobini iliisha, mtu akainuka. Hakuwa na la kufanya, bobini nyingine ilikuwa mlangoni.

Ugomvi wa overloki ulipungua sana, na hapo sina shaka, kwa sababu dada mwenyewe amesema, naye si mtu wa kusema jambo ili kumfurahisha mtu. Amesema haki ya kuacha rundo lisubiri imemsaidia kuliko dakika zozote. Maumivu ya kiuno ya mkataji hayajabadilika hata kidogo. Meza yake ni fupi kwa mtu wa urefu wake, na hakuna kusimama kwa dakika mbili kunakoweza kurekebisha meza.

Mapendekezo mengine yamekataliwa. Niliomba mafundi wa nguo walipwe kiasi kidogo cha kudumu kwa siku juu ya malipo ya nguo, ili kupumzika kusiwe hasara kabisa. Mama alisikiliza, akapiga hesabu mbele yetu, akasema msimu wa Aprili hadi Juni hauna kazi za kutosha kubeba hilo. Wazee hawakubishana naye. Mimi bado naona ndilo jambo la msingi, na nimeomba tulizungumze tena Septemba kabla ya oda kuanza.

Yaliyokubaliwa ni haya: bobini zibaki mlangoni mwaka mzima, ubao wa oda ubaki, namba za mafundi zisitolewe tena kwa wateja wapya, na wa kwanza kununuliwa kitu ni mkataji. Seremala wa jirani amekuja kupima, ataipandisha miguu ya meza kwa kipande cha mninga na kuweka ubao wa kukanyagia kwa siku ambazo msaidizi, ambaye ni mfupi, ndiye anayekata. Ameomba malipo ya awali, tumempa nusu. Stuli zenye kiegemeo zinafuata, bei bado tunabishana.